Handaki la Baba Princess

Sauti ilitoka ardhini, na ilikuwa ya Abdiel.

Mnakumbuka toleo lililopita tulimwacha wapi Eunike. Amepiga magoti katikati ya migomba ya mama mkwe wake wa zamani kule Nkoaranga, sketi imejaa tope, sikio kalilaza chini kama mtu anayesikiliza tumbo la mgonjwa. Amepanda kutoka Moshono, kule mjini, Jumamosi mchana kuwachukua wanawe, kakuta nyumba wazi, chai mezani inatoa mvuke, watu hakuna. Na sasa anamsikia mwanawe wa miaka sita anaomba kutoka chini ya udongo.

"Bwana Yesu, mlinde mama asilipuliwe. Amina."

"Amina," ikaitika sauti ya msichana.

"Amina," ikaitika sauti ya mwanaume mzima mwenye ndevu.

Eunike hakulia. Hasira ya namna ile haina machozi. Alifagia majani makavu kwa mikono miwili mpaka akagusa bati, akalishika ukingo, akalivuta.

Kitendawili, wasomaji wangu: nina nyumba, mlango uko juu, dirisha haina, na mwenyewe akishaingia majirani wanalia. Jibu mnalo, hata ninyi mlioishia darasa la pili. Kaburi. Mlima mzima ni Melkizedeki, baba wa watoto hawa, peke yake aliyeiita nyumba hiyo handaki.

Kule chini waliketi watatu juu ya magunia ya unga. Abdiel na viatu vyake vya shule, kamba zimefungwa mara mbili. Dada yake Princess, wa darasa la nne, jina alilopewa enzi baba yake anaendesha watalii na mambo yalikuwa mazuri. Na huyo baba mwenyewe, tochi kichwani, redio mapajani, pipa la maji mgongoni pake.

"Funga, Mama," Abdiel alinong'ona. "Ndege zitatuona."

"Karibu, Mama Princess," alisema Melkizedeki, kwa upole wa mtu anayepokea mgeni sebuleni. "Shuka taratibu tu, ngazi inateleza."

"Mimi humo nitashuka siku nikibebwa na watu sita," Eunike alisema. "Watoto, tokeni."

"Tuko kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Ya kuwa viazi?"

Princess alipanda ngazi kimya kimya, akasimama kando ya mama yake. Mtoto huyu ana tabia ya kuwatazama wakubwa kama anayesoma ubaoni, na siku ile alisoma sana.

Abdiel hakupanda. Alikumbatia ngazi kwa mikono na miguu.

"Sitaki Moshono. Baba amesema wataanza na mjini. Mama, usirudi na wewe. Nafasi yako ipo, tumekuwekea gunia."

Gunia lenyewe lilikuwepo, limekung'utwa vizuri, limekunjiwa kanga juu yake. Eunike alilitazama gunia lile. Mtoto wa miaka sita kamtandikia mama yake kaburini, kwa mapenzi.

"Umemwambia nini mwanangu?" aliuliza polepole.

"Ukweli," Melkizedeki alisema. "Dunia imechafuka. Wewe hufuatilii. Wewe uko kazini Levolosi unashona sweta."

"Nashona sweta kwa sababu watoto wanasikia baridi. Wewe unachimba kwa sababu unasikia vita vya kwenye simu."

"Utacheka hivyo hivyo mpaka siku yenyewe."

"Sicheki, Baba Princess. Huyu mtoto kila akitoka kwako analala na viatu. Nikimvua usingizini anaamka anavipapasa, analia. Mwalimu wake anasema ndege ya watalii ikipita anaingia chini ya dawati, na wenzake wanaimba. Wewe kwako hiyo ni mazoezi."

Melkizedeki alishusha pumzi, akaanza kueleza kama mtu anayewaelimisha wageni njiani. Alama ni moja tu, alisema. Kengele ya kanisa ikilia wakati usio wa ibada, popote walipo wakimbilie shimoni. Abdiel anaingia wa kwanza, dada yake wa pili. Baba anaingia wa mwisho, anafunga bati.

"Wa kwanza mimi," Abdiel alithibitisha kutoka chini. "Baba ananibeba."

"Kengele wakati usio wa ibada ni msiba," ilisema sauti nyuma ya Eunike. "Inajulikana hivyo hapa tangu hao wamisionari walipoitundika."

Alikuwa Bibi Magreth, mama yake Melkizedeki, ametoka kuchuma kahawa, kikapu kiunoni, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mama," Eunike alisema.

"Marahaba, mwanangu. Na wewe, fuko, toka humo."

"Mama, mbele ya watoto..."

"Nilimzaa huyu juu ya kitanda cha hospitali," Bibi Magreth alimwambia Eunike, kama vile mwanawe hayupo. "Kitanda cha chuma, shuka nyeupe. Sijui kukaa shimoni alijifunzia wapi."

Abdiel alitoka kwa sababu bibi alimwahidi loshoro, yale mahindi ya maziwa mgando. Lakini alipoambiwa habari ya kurudi Moshono alikimbilia nyuma ya kochi, akaushikilia mguu wa kochi. Eunike alimvuta, kochi likaja pamoja na mtoto. Kumburuta mtoto anayepiga kelele kwenye vile vinjia vya mteremko, mbele za watu, mama gani anaweza?

Na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu.

Bibi Magreth akamtumia salamu Yoeli, mwanawe mkubwa, mzee wa kanisa. Jibu likarudi kabla kuku hawajaingia bandani: kesho baada ya mnada, tutakaa wote.

Basi Eunike akalala Nkoaranga, kitanda kimoja na wanawe, viatu vya Abdiel vikimkanyaga mbavu mpaka asubuhi.

Mnajua mnada wetu ulivyo. Ibada ikishakwisha, sadaka zisizo fedha hutolewa nje, mkungu wa ndizi, mayai, maharage, kuku aliyefungwa miguu, na mzee wa kanisa ananadi mpaka kila kitu kinapata mwenyewe. Watu hununua kwa kumtukuza Mungu na kwa kuchekana kidogo. Jumapili ile mnadi alikuwa Yoeli mwenyewe, koti lake la kahawia na sauti ya kuita ng'ombe.

Mahindi yalipotoka, Melkizedeki akanyoosha mkono. Maharage, Melkizedeki. Viazi, chumvi, mafuta, Melkizedeki. Mjane mmoja aliyekuwa anayataka yale maharage alirudisha mkono wake ndani ya kanga.

"Mwachieni," jirani yao Anneth alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Huyu bwana anaoa. Bibi harusi ni njaa."

Watu wakacheka. Melkizedeki naye akatabasamu, lile tabasamu la watu wanaojua siri. Kisha akaletwa jogoo mwekundu, mnene, na mkono wake ukapanda tena.

"Baba," Abdiel alimvuta koti, "huyo atawika shimoni. Adui atasikia."

Kicheko kilichopasuka hapo kiliwarusha kunguru juu ya paa. Melkizedeki akaushusha mkono. Ameshindwa hoja na mtoto ambaye bado anang'oka meno ya maziwa, kwa kuwa mtoto alikuwa amesema sawa. Ndiyo tabu ya kumfundisha mtoto ujinga. Anaufuata mpaka mwisho, na kule mwisho anakukuta umesimama.

Eunike hakucheka. Alikuwa anamtazama Princess, aliyesimama pembeni chini ya nguzo mbili zilizobeba kengele, uso juu, anaipima kamba kwa macho.

"Baba mkubwa," Princess alimwita Yoeli alipokuwa anakunja meza, "hiyo kamba ni nzito?"

"Si nzito, mama, ila ina adabu. Inaguswa kwa ibada au kwa maiti."

"Na kwa maiti inakuwaje?"

"Tunaipiga polepole, watu wanakuja. Halafu mzee wa kanisa anasimama pale mlangoni anataja jina la aliyetutoka. Kengele ikishalia haiachwi bila jina. Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu," alisema Princess.

Kikao kilikaa barazani kwa Bibi Magreth. Kahawa ikamiminwa. Princess akatumwa kuchota maji bombani, Abdiel akabaki anachora ndege mchangani, ndege nyingi sana.

Melkizedeki alisema neno lake wazi. Anataka watoto wahamie Nkoaranga moja kwa moja, wasome hapa, walale hapa, karibu na handaki. Mama yao akitaka aje kuwaona.

"Ustawi wa jamii walituandikia watoto wakae kwangu, wikiendi mojamoja waje kwako," Eunike alisema. "Ulikubali."

"Nilikubali wakati wa amani."

"Na sasa ni wakati wa nini? Nimepita mjini jana, watu wananunua nyanya."

"Mwacheni aseme," Yoeli alisema. "Melki, mdogo wangu, hii hofu uliipata wapi? Wewe ndiye uliyekuwa unalala na simba nje ya hema."

Melkizedeki alizungusha kikombe mkononi. Aliposema, sauti ilikuwa nyingine, ya zamani, ile ambayo Eunike aliwahi kuipenda.

"Kaka, mwaka ule wa korona mimi nilikuwa Serengeti na wageni. Tulisikia kuna ugonjwa China. Tukacheka, madereva wote. China ni wapi na sisi ni wapi. Hata mwezi haukuisha vizuri, gari limefunikwa turubai, wageni hakuna, kazi hakuna. Nikakaa nyumbani nikawa mtu wa kugombana. Mke akaondoka. Sasa mtu akiniambia kitu fulani kiko mbali, mimi sicheki tena."

Huruma ilipanda mpaka kooni mwa Eunike. Akaimeza na kahawa.

"Pole, Baba Princess. Hiyo naijua, tulikuwa wote. Lakini usiwaambie ndugu zako kwamba niliondoka kwa sababu ya korona. Niliondoka siku ulipouza kitanda cha watoto ukanunua pipa."

Bibi Magreth alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua.

"Pipa lina faida," Melkizedeki alisema.

"Lina faida kubwa. Watoto walilala chini, pipa likalala kitandani kwako."

"Basi, basi," Yoeli alisema. Ni mtu mzuri Yoeli, ila ana ule udhaifu wa wanaume wazuri, anapenda jambo liishe kabla kahawa haijapoa. "Tumwulize mtoto. Abdiel, njoo. Wewe unataka kukaa wapi?"

Abdiel alifuta mikono kwenye suruali.

"Shimoni."

"Siyo Moshono kwa mama?"

"Moshono kutalipuliwa. Nataka mama naye akae shimoni."

Yoeli akamtazama Eunike, akatazama chini. "Shemeji, mimi naelewa uchungu wako. Lakini mtoto amesema mwenyewe. Mtoto asiyetaka kwenda utampelekaje? Labda kwa muhula huu mmoja abaki, tuone."

"Shemeji, hilo ni neno la baba yake, limepitia kinywani mwa mtoto."

"Muhula mmoja tu."

Melkizedeki alikuwa ameshaanza kuitika kwa kichwa. Eunike alihisi baraza linainama upande mmoja, na yeye ndiye anayeteleza. Miezi ya viatu usiku. Miezi ya kuombewa asilipuliwe. Ukishamzoesha mtoto shimo, hata jua litamtisha. Alifungua mdomo aseme kwamba atakwenda mahakamani, atakwenda kwa askofu, atakwenda popote.

Kengele ikalia.

Haikulia polepole kama ya msiba. Ililia ovyo, haraka haraka, kama mtu anayegonga sufuria kufukuza nyani shambani.

Abdiel alisimama wima. Akanyoosha mikono yote miwili juu, abebwe, kama alivyofundishwa.

Baba yake akamruka.

Nawaambia alimruka, kama mtu anavyoruka mfereji. Kigoda kilikwenda huku, kikombe kikaenda kule, kahawa yote ikamwishia Yoeli kwenye suruali ya kanisani. Melkizedeki alipita kwenye migomba majani yakachanika, likasikika bati linafunuliwa, na bati linafungwa.

Abdiel alibaki pale pale, mikono juu.

Eunike alimnyanyua. Mtoto hakulia wala hakujificha. Alikuwa anatazama migomba, macho makavu, kama mtu aliyeona gari lake limeondoka na mizigo yake.

"Wa kwanza ni mimi," alisema.

Walishuka mpaka shimoni, Bibi Magreth mbele. Alipofika aligonga bati kwa fimbo, mara tatu, kama anayebisha hodi kwa watu wa heshima.

Kutoka chini sauti ikauliza, "Nani?"

"Vita," Bibi Magreth alisema. "Vinauliza watoto wako wako wapi."

Kisha sauti ndogo sana, ya mwanaume anayepapasa gizani: "Abdiel? Princess? Hamumo humu?"

"Tuna kitendawili, Baba Princess," Eunike alisema, mtoto mgongoni. "Ana macho mawili, anaona makombora mpaka ng'ambo ya bahari, na mtoto wake aliye miguuni pake hamwoni. Tega sikio vizuri, wala usihangaike kutoka. Jibu hilo hilo limekaa kwenye gunia."

Bati halikufunguka. Aibu ina uzito kuliko bati.

Yoeli alikuwa anajipangusa kahawa, kisha akasimama ghafla, kitambaa mkononi.

"Subirini. Mwinjilisti yuko safarini, mzee wa zamu ni mimi. Hakuna aliyekuja kwangu na habari ya maiti. Hiyo kengele anaipiga nani?"

Eunike alitazama nyuma yake. Akatazama njia ya bombani. Ndoo ilikuwa imewekwa katikati ya njia, vizuri, imejaa maji, na aliyeibeba hayupo.

Walipofika kanisani, nusu ya mlima ilikuwa imeshafika. Watu wetu kengele ikilia hawakai kuuliza. Mmoja alikuja na kuni, mwingine na sufuria la kupikia msibani, mwingine na mkungu wa ndizi kichwani, wote wameshafunga nyuso za kilio. Anneth alikuwa ameketi kwenye majani, kanga kichwani, analia kwa mpangilio.

"Bibi Magreth wa watu. Jana tu nimemwona na kikapu chake. Mama mkarimu, chumvi hakuninyima hata siku moja."

Alikuwa amemwona Melkizedeki anakimbia kwenye migomba kama kichaa, akajumlisha mwenyewe: kapata habari ya mama yake.

Bibi Magreth alisimama mbele yake, akajiegemeza fimboni.

"Endelea, Anneth. Nisikie yote utakayosema siku yenyewe."

Anneth alinyanyua uso, kanga ikamdondoka. Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Kisha macho yote yakahamia kwenye nguzo za kengele, kwa mtoto wa darasa la nne aliyeshika kamba kwa mikono miwili, viganja vimechubuka.

"Princess," Yoeli alisema, na koti lake la kahawia likatetemeka. "Nilikwambia nini kuhusu kamba hii?"

"Ina adabu, baba mkubwa."

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

Umati ukaguna. Kupiga kengele ya maiti bila maiti, hapa kwetu, ni kama kumwita mgeni ambaye hana haja ya kuitwa.

"Sasa umepiga kwa nini, mwanangu?" Eunike aliuliza. Sauti yake haikuwa na ukali.

Princess alimtazama mama yake. Alikuwa mtoto wa maneno machache, na machache yale alikuwa ameyapanga.

"Baba anasema vita vinakuja. Bibi anasema haviji. Wewe unasema ni ujinga. Abdiel halali, na asipolala yeye mimi pia silali, ananishika mkono usiku kucha. Nikaona nipige tu. Kama vipo, vije viishe."

Akaitazama ile kamba.

"Na nilitaka kuona kama Baba atambeba Abdiel."

Watu wenye kuni waliziteremsha chini taratibu. Kunguru walikuwa wamerudi juu ya paa.

"Alimbeba?" Princess aliuliza.

Yoeli alitazama suruali yake. Bibi Magreth alitazama Mlima Meru, kana kwamba umefika leo. Eunike hakutaka kulisema, ingawa tangu Jumamosi alikuwa na maneno ya kumwaga kuhusu mtu yule kama maji ya mfereji.

Abdiel ndiye aliyejibu, kutoka mgongoni mwa mama yake.

"Aliniruka."

Hapo ndipo umati ulipofunguka katikati, na Melkizedeki akapita. Tope lilimshika kuanzia ndevu mpaka goti, tochi bado inawaka kichwani mchana kweupe, na vipande vya jani la mgomba vilimning'inia masikioni. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu kwake kama wangecheka.

Alimwona binti yake na ile kamba. Alikuwa amesikia, unaweza kujua mtu aliyesikia.

"Princess," alisema, "mimi nilidhani..."

"Ulidhani umetubeba," Princess alimmalizia, bila ubaya.

Yoeli alipanda ngazi za kanisa mpaka mlangoni, pale anaposimama mzee wa kanisa kutaja jina. Aligeuka, akawatazama watu wake wenye masufuria. Mtu anayependa jambo liishe mapema alikuwa amekwisha, na aliyebaki pale alikuwa mkubwa wa nyumba.

"Kengele imelia," alisema. "Haitaachwa bila jina. Mtoto huyu hana jina la kutaja, na sitamwadhibu kwa kosa alilofundishwa. Mwenye kengele hii ni wewe, Melkizedeki. Ulisema ikilia wakati usio wa ibada ni vita. Haya, imelia. Panda hapa uwaambie watu hawa imemlilia nani. Ukimaliza, nami nitasema watoto wanalala wapi leo."

Melkizedeki alipanda. Ngazi zile ni chache, lakini alizipanda kama mtu anayeupanda Meru kwa miguu mitupu. Alipofika juu mkono wake ulikwenda wenyewe mfukoni, kwenye simu. Ilikuwa inatetemeka. Ilikuwa inatetemeka siku zote, habari mpya, kombora jipya, mtaalamu mpya mwenye ramani.

"Iache," Eunike alisema kutoka chini, taratibu. "Kwa mara moja iache. Mtazame huyu."

Alimshusha Abdiel.

Mtoto alisimama kidogo kati ya watu wazima, kisha akaketi kwenye ngazi ya chini kabisa, akavuta mguu wa kushoto karibu. Kamba ilikuwa na mafundo mawili. Akafungua la kwanza. Akafungua la pili. Kiatu kikatoka, na soksi ilikuwa na tope mpaka kidoleni, na Eunike akaziba mdomo kwa kiganja ili asiseme kitu.

Kwenye kiatu cha kulia Abdiel aliishika kamba, hakuivuta. Alinyanyua uso akamtazama baba yake kule juu, akangoja.

Simu ikatetemeka tena.

Melkizedeki akafungua mdomo.